Uzi maalumu: Kununua, kuuza na kusafirisha panga za kale za Kijapani

Mpakiaji wa Gifu:

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila uzi wa magari ya Japani ukifunguliwa humu, haupiti mbali kabla mtu hajauliza: "Mkuu wewe uliyeko huko, nitafutie upanga wa samurai, nasikia Ulaya una hela." Nimekuwa nikijibu vipande vipande inboksi. Leo naweka yote hapa. Anayetaka asome, anayejua zaidi aongeze.

Nafanya kazi kwa muuza vitu vya kale mkoani Gifu, jirani na Seki, mji ambao umefua panga kwa karne nyingi. Kazi yangu ni kupakia na kuandaa karatasi za mzigo. Kumtambua fundi kwa kuangalia chuma tu ni elimu ya maisha, hiyo nawaachia wenyewe. Lakini nimeuona upanga uliovuka karne nne salama ukaharibiwa na mtu mwenye kipande cha msasa, na nimeuona mwingine usio na dosari yoyote ukasota forodhani kwa ajili ya mstari mmoja wa tamko. Ndiyo maana nitazungumzia mikono na makaratasi kuliko samurai. Hela ya biashara hii inapotelea huko.

Kitu chenyewe kwanza. Upanga halisi wa Kijapani hufuliwa kwa mkono kwa tamahagane, chuma kinachopatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma na mkaa ndani ya tanuru la udongo. Urefu wa bapa ndio unaoupa jina: usiofika sentimita 30.3 ni tanto, kuanzia hapo hadi 60.6 ni wakizashi, unaozidi ni katana, au tachi kama ni ule wa zamani uliovaliwa makali yakiangalia chini. Zilizofuliwa kabla ya 1596 huitwa koto. Kabla ya kutumbukizwa majini ukiwa mwekundu kwa moto, upanga hupakwa udongo, mwembamba upande wa makali na mzito upande wa mgongo. Makali yanapoa ghafla yanakuwa magumu, mgongo unapoa taratibu unabaki na unyumbufu. Mpaka kati ya pande hizo mbili ndio hamon, ule mstari unaopindapinda mnaouona kwenye picha. Panga za bandia huchorwa hamon kwa tindikali, na kwenye picha ya simu zinadanganya vizuri sana.

Sasa sehemu ambayo watu huiharibu. Ukigonga kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini na kuuvua, unakutana na shina la upanga, nakago. Limeota kutu. Kutu hiyo haiguswi! Ya karne nyingi ni nyeusi yenye wekundu wa mbali, imetulia, ukipitisha kidole haitoi unga. Ya juzi ni ya rangi ya chungwa, ina chembechembe, inaachia rangi kidoleni. Mtaalamu anasoma umri hapo. Anaangalia alama za tupa za fundi, matundu ya kijiti yaliyoongezwa kila mpini ulipobadilishwa, na kama saini ilichongwa kabla ya kutu au juu ya kutu. Halafu mrithi mmoja wa Ulaya au Marekani anaukuta upanga darini, anaona kutu, anachukua brashi ya waya ili ausafishe auze vizuri. Amefuta ushahidi wote, bei imeporomoka, na hakuna fundi wa kuirudisha kutu ile.

Saini nayo isikupandishe presha. Saini za uongo, gimei, ni za siku nyingi, na majina makubwa ya mafundi kama Masamune, Muramasa na Kotetsu ndiyo yaliyoigwa zaidi. Wauzaji wa hapa husema ukiona Kotetsu, chukulia kwanza ni bandia. Kwa upande mwingine, upanga usio na saini unaweza kuwa wa thamani kubwa, maana tachi nyingi ndefu zilikatwa shina baadaye ili zivaliwe kama katana, na saini ikaenda na kipande kilichokatwa.

Dosari moja lazima uijue: hagire, ufa unaoingia kwenye makali kwa kuyakata. Unaweza kuwa mwembamba kama unywele, usionekane mpaka uinamishe upanga polepole chini ya taa moja. Kwa mkusanyaji, upanga wenye hagire umekwisha. Ukinunua kwa picha, muulize muuzaji swali hilo kwa maandishi na utunze jibu lake.

Mpakiaji wa Gifu:

Naendelea. Karatasi za Japani.

Kwa sheria ya 1958, upanga wenye bapa la sentimita 15 na zaidi lazima uwe na torokusho. Ni kijikadi kinachotolewa na bodi ya elimu ya mkoa, kwa sababu upanga unasajiliwa kama kazi ya sanaa. Kinataja aina, urefu, mkunjo, idadi ya matundu ya kijiti na saini kama ipo. Kadi inafuata upanga, haimfuati mtu. Ukinunua ukiwa hapa, una siku 20 za kuitaarifu bodi kwamba mmiliki amebadilika. Kabla ya kulipa, pima mwenyewe. Kadi ikisema matundu mawili na shina lina matatu, acha, hata kama muuzaji ana maneno matamu kiasi gani.

Familia ikikuta upanga darini bila kadi, inatoa taarifa polisi, kisha upanga unapelekwa kukaguliwa, ada yen 6,300. Uliofuliwa kwa njia ya jadi unapata kadi. Wa kiwandani haupati.

Kwa mnaoishi hapa na mnataka kununua na kuuza kama biashara, kuna leseni ya vitu vya kale inayotolewa kupitia polisi. Na viza yako iwe inaruhusu biashara. Usijifiche nyuma ya "nauza vyangu binafsi" ukiwa unauza kila mwezi.

Kuutoa nje ya nchi, unaomba cheti kwa Wakala wa Utamaduni, Bunkacho, cha kuthibitisha kwamba upanga haumo kwenye mali za utamaduni zinazolindwa na sheria. Zilizomo humo haziondoki. Cheti kikitoka, torokusho inarudishwa serikalini na upanga unaondoka bila kadi. Shughuli hii inakula wiki kadhaa. Muuzaji wa Japani anayekuahidi kuutuma kesho asubuhi, mkimbie.

Binti Mkunazini:

Ahsante kaka kwa somo. Nimesikia hizi panga hutunzwa kwa mafuta ya karafuu, ni kweli? Huku kwetu Unguja karafuu ndiyo maisha, nimefurahi kusikia imefika mpaka huko.

Mpakiaji wa Gifu:

Ni kweli dada yangu. Mafuta yanaitwa choji, yaani karafuu, na siku ya kwanza nilipofungua kichupa kazini harufu ilinipeleka nyumbani moja kwa moja. Ila karafuu iliyomo ni kidogo. Siku hizi mengi ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa harufu, kwa hiyo usipake mafuta makali ya karafuu yenyewe. Unafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, ukishika kutokea upande wa mgongo, kutoka shinani kwenda nchani, halafu unapaka utando mwembamba sana. Yakizidi yanaloweka ala kwa ndani. Chuma kisiguswe kwa kidole, jasho lina chumvi, na alama ya kidole inageuka kutu. Kwa unyevu wa pwani kama kwetu, kagua mara kwa mara kuliko wanavyofanya watu wa nchi kavu.

Mjukuu wa Askari:

Mkuu heshima kwako. Babu mzaa baba alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya mkoloni Mwingereza, akapigana Burma 1944. Kwa baba mkubwa kuna upanga tunaoambiwa ulitoka huko. Mpini wake ni wa chuma, umepakwa rangi iliyobanduka, ala ni ya bati, na kwenye bapa karibu na mpini kuna namba. Kuna jamaa anatushauri tuutume Japani ukanolewe ili upande bei.

Mpakiaji wa Gifu:

Mkuu, usiutume Japani hata kidogo. Kwa maelezo yako huo ni upanga wa masajenti, modeli ya 95, uliotolewa kuanzia 1935. Bapa ni la mashine, mpini umesubiwa kwa shaba au aluminiamu ukapakwa rangi ufanane na mpini wa kufungwa kwa utepe. Ukiingia hapa hausajiliki, unachukuliwa, na haurudi tena. Hivi ndivyo watu wengi wa nje wanavyopoteza panga za vita.

Hauna haja ya kunolewa pia. Kunoa kwa jadi kunafanywa na togishi, fundi aliyesomea miaka kwa mawe ya asili, na mzuri hutoza zaidi ya dola 100 kwa inchi moja, foleni yake ni ya miezi hadi mwaka na kuzidi. Kila anaponoa, chuma kinapungua. Upanga wa kiwandani hauwezi kulipa gharama hiyo. Wanaouthamini ni wakusanyaji wa vifaa vya kijeshi, na namba ya ala ikilingana na ya bapa, wanauthamini zaidi.

Panga za maofisa, modeli za 1934 na 1938, ni habari nyingine. Ndani ya mpini wa kijeshi unaweza kukuta bapa la ukoo la karne ya 16, kwa hiyo shina lake hukaguliwa kwanza.

Kilicho adimu kwenu ni babu mwenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka huo hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, ikipigana ndani ya mvua na matope, na walioandika habari zao ni wachache kuliko wanavyostahili. Kaa na baba mkubwa akiwa hai, andika jina la babu, namba yake ya jeshi, kikosi, na alivyosimulia kuupata. Piga picha upanga na karatasi zake za jeshi kama zipo. Na kabla hamjauhamisha kwenda popote, ulizeni polisi wa hapo mlipo sheria inasemaje.

Shemeji wa Leicester:

Niongeze upande wa Uingereza. Tangu Aprili 2008 panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 na zaidi zimepigwa marufuku kuuzwa na kuingizwa, lakini zilizotengenezwa kabla ya 1954, au wakati wowote kwa njia ya jadi ya mkono, zimeachwa nje ya marufuku. Tatizo ni kwamba ofisa wa forodha hawezi kujua kwa macho, wewe ndiye wa kuthibitisha. Ukithibitisha umri wa zaidi ya miaka 100, kodi ya ongezeko la thamani ya kuingiza inashuka hadi asilimia 5. Mimi huwa namwomba muuzaji aweke nakala ya cheti cha utambuzi na picha za shina, ndani ya boksi na nje.

Bara la Baridi:

Naandika kutoka Minnesota. Huku ugomvi mkubwa ni namba ya forodha. Upanga kama silaha unaingia 9307. Kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 100 kinaingia 9706. Mtumaji akiandika 9307 kwa sababu ameona neno upanga, umeshalipishwa na kucheleweshwa. Tena tangu 29 Agosti 2025 Marekani imefuta msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800, na posta za nchi kadhaa, Japani ikiwemo, zilisitisha vifurushi vingi kwa muda. Ulizeni hali ya njia kabla ya kulipa, msiulize baada.

Kijana wa Kariakoo:

Sasa wakuu si muandike tu "mapambo ya nyumbani, zawadi, dola 50" mambo yaishe? Mbona mnajitesa?

Mpakiaji wa Gifu:

Mdogo wangu, nakujibu kwa uzito kwa sababu hapa ndipo watu wanapolizwa. Boksi linapita kwenye mashine ya mionzi. Ofisa anaona bapa la sentimita 70, tamko linasema mapambo. Kuanzia hapo hashughuliki tena na kitu cha kale, anashughulika na silaha iliyofichwa. Utachukuliwa upanga, na jina la mtumaji litawekwa alama kwa mizigo yake yote ya baadaye. Bima nayo inalipa kulingana na thamani uliyotamka. Umeandika dola 50, ukipotea unalipwa dola 50, ukibahatika. Kampuni nyingi za usafirishaji tayari hazipokei kitu chochote kinachoitwa silaha, na nyingine zinapokea lakini bima yao haigusi vitu vya kale, jambo limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye masharti. Msambazaji mmoja, simtaji, alituchukulia upanga kwa bei ya bima kamili, ala ikafika imepasuka katikati, wakatuonesha kifungu hicho hicho. Tangu hapo bosi wangu anakata bima ya pembeni kwa kampuni ya bima ya kazi za sanaa. Tamko letu linasomeka wazi: upanga wa kale wa Kijapani, kazi ya sanaa, umri zaidi ya miaka 100, nchi ulikotengenezwa Japani, thamani halisi iliyolipwa.

Na kuna pembe. Kuanzia enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) walitengeneza panga fupi zenye ala na mpini wa pembe ya ndovu iliyochongwa, kwa ajili ya wageni. Bapa lake mara nyingi halina maana yoyote, lakini pembe inaanguka chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Marekani iliweka marufuku ya karibu kila kitu 2016, na Uingereza ina sheria yake iliyoanza kufanya kazi 2022. Mimi hizo sizigusi, hata zikiwa na karatasi. Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa pembe miaka ile ambayo ndovu wetu waliisha, mpaka Kenya ikachoma tani 12 mwaka 1989. Wenye biashara hiyo waendelee nayo, sisi kazini tunazirudisha kwa mwenye nazo.

Mwalimu Mstaafu:

Nimesoma yote kwa makini, mwanangu. Swali langu ni la dhamira. Sisi tunadai vitu vyetu virudi kutoka makumbusho ya Ulaya. Ninyi mnatoa urithi wa watu na kuusambaza. Hilo mnalionaje?

Mpakiaji wa Gifu:

Shikamoo mwalimu. Swali lako ni zito na nimelifikiria sana nikiwa kazini.

Panga nyingi zilizo nje hazikuuzwa. Baada ya vita kuisha 1945, majeshi ya washindi yaliamuru silaha zote zikabidhiwe, na panga zilikusanywa kwa malaki. Nyingine ziliyeyushwa, nyingine zilibebwa na wanajeshi kwenda kwao. Honjo Masamune, upanga uliorithishwa ndani ya ukoo wa Tokugawa, watawala wa zamani wa Japani, na kutangazwa hazina ya taifa 1939, ulikabidhiwa na Tokugawa Iemasa kwenye kituo cha polisi cha Mejiro Desemba 1945. Mwezi uliofuata ulichukuliwa na mtu aliyejitambulisha kama mwanajeshi wa Marekani, na haujaonekana tena hadi leo.

Upande wa pili yupo daktari Walter Compton wa Indiana, Marekani, mkusanyaji mkubwa. Aliununua upanga, alipoukagua akagundua ni tachi ya fundi Kunimune, hazina ya taifa iliyopotea kutoka hekalu la Terukuni, Kagoshima. Aliurudisha 1963 bila kudai chochote. Alipofariki, mkusanyo wake ulipigwa mnada New York mwaka 1992, na panga nyingi zilirejea Japani mikononi mwa wanunuzi wa hapa, kwa hela.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sheria ya Bunkacho inachuja: kilicho cha taifa kinabaki, kilichobaki kinaweza kusafiri kwa karatasi. Mimi naiheshimu kwa sababu wenye urithi ndio waliotunga. Ukikutana huko nje na upanga wenye dalili za kupotea mahali patakatifu au makumbusho, usiuuze, wasiliana na ubalozi wa Japani. Na mfano mzuri wa watu wenyewe kukomboa chao ni mji wa Setouchi, ambamo imo Osafune walikofua mafundi wa jimbo la kale la Bizen. Mwaka 2020 walinunua tachi iitwayo Sanchomo kwa yen milioni 500, sehemu kubwa ikiwa michango ya watu.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba. Nimekuelewa. Hao wa Setouchi wamenifurahisha.

Shemeji wa Leicester:

Mkuu, kabla hujaondoka tuambie kuhusu kuuza na kupakia. Nina wakizashi moja nataka kuipeleka kwa mnunuzi Ujerumani.

Mpakiaji wa Gifu:

Kuuza kunaanza na cheti cha utambuzi. Kinachoaminika zaidi ni cha NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za Kijapani kilichoundwa 1948 ambacho makumbusho yake yako Ryogoku, Tokyo. Ngazi ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Vyeti vya zamani vya ngazi za chini vya chama hicho hicho, vilivyotolewa kabla ya Hozon na Tokubetsu Hozon kuanza 1982, sokoni haviaminiki, hasa kwenye majina makubwa, kwa hiyo mtu asikuuzie bei ya Hozon kwa karatasi ya zamani. Wakizashi bila cheti itauzwa, lakini mnunuzi atakata bei kwa hatari anayoibeba. Kuituma Japani ikahakikiwe kunahitaji wakala, taarifa polisi ikiingia, usajili, kisha foleni. Kwa wakizashi ya kawaida gharama zinaweza kumeza faida yote, piga hesabu kwanza. Picha ziwe za bapa bila mpini, shina pande zote mbili, ncha kwa karibu, na kila dosari uioneshe mwenyewe. Mnunuzi akiigundua akiwa kwake utalipia posta mara mbili.

Kwa Ujerumani, upanga wenye zaidi ya miaka 200 na thamani ya euro 18,000 au kuzidi unagusa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mali za utamaduni iliyoanza kutumika kikamilifu 28 Juni 2025, na muagizaji atatakiwa tamko. Wakizashi yako sidhani inafika huko, lakini mwambie mnunuzi aulize forodha yake.

Kupakia: paka mafuta mapya, rudisha kwenye ala, hakikisha kijiti cha mwanzi kimekaa. Funga mpini na ala kwa utepe wa kitambaa ili upanga usichomoke. Gundi isiguse mbao wala utepe wa mpini. Zungusha plastiki ya mapovu, ingiza ndani ya bomba gumu la plastiki la maji, lenye kipenyo kinachobana kidogo. Ncha zote mbili jaza sponji ngumu, maana boksi refu huangushwa kwa kusimama na ncha ndiyo inayoumia. Tsuba, ile kinga ya mkono kati ya bapa na mpini, kama inachomoka, itoe kabla ya yote uifunge peke yake. Funika bomba vifuniko, bomba liingie ndani ya boksi la pili. Mwambie mnunuzi likifika wakati wa baridi alilaze ndani ya nyumba mpaka siku ya pili bila kulifungua, vinginevyo chuma baridi kinashika umande, kisha afute na kupaka mafuta upya siku hiyo hiyo anapofungua.